Kazi za picha za familia: mpango uishie wapi?

MwangaWaTanga

Wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mpiga picha wa watu, hasa familia na wazee, na huu ni mwaka wangu wa 4 tangu niache ajira na kuitegemea kamera. Nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu Julai, na ninawaomba wenye uzoefu wanijibu kwa urefu wowote wanaoona unafaa.

Nilipata kazi ya familia ya watu 14, wengine wakitoka Muscat na wengine Dar es Salaam, waliokwenda kukutana kwa bibi yao huko Jambiani, Unguja. Nilijiandaa kwa majuma mawili. Niliandika orodha ya picha 22, kila moja na dakika zake, nani aketi, nani asimame, na ya mwisho ingekuwa familia nzima ufukweni huku jua likizama baharini nyuma yao. Nilichaji betri 6, nikabeba flashi 2, mwavuli wa kulainisha mwanga na rifleta ya kuakisi mwanga, nikafika mapema kuliko wote.

Siku yenyewe mambo yakaenda kombo. Gari la wageni lilichelewa kwa dakika 70. Upepo wa kusi uliuangusha mwavuli pamoja na stendi yake, na flashi moja ikavunjika. Maji yalikuwa yamekupwa hata bahari ikabaki mstari mwembamba kwa mbali, na mbele yetu pakawa na mchanga wenye madimbwi, majani ya bahari na vigingi vya mwani. Nilipogeuka kulitafuta jua, nililiona likiingia nyuma ya minazi, upande wa nchi kavu. Watoto walikuwa wameshachoka na kulia. Nami nilisimama nikiisoma ile karatasi yangu kana kwamba ingenipa jibu, wakati bibi mwenyewe yuko mchangani amemwegemea mkwewe.

Picha ambayo familia imeichapisha na kuitundika ukutani haimo kabisa kwenye ile orodha. Tulipomrudisha bibi nyumbani aliketi barazani kupumzika, mjukuu wake akapiga magoti ili amfunge upya ushungi uliovurugwa na upepo, na bibi akaishika mikono ya yule binti ikiwa bado chini ya kidevu chake. Nilibofya mara 3 tu.

Sasa ninajiuliza: je, nipunguze kupanga na niende nikitegemea macho yangu, au nilipanga vibaya? Nyinyi mliotangulia, mnaweka mpaka wapi kati ya kupanga na kuacha siku ijiendee?

---

KivuliChaMkungu

Ndugu yangu, pole kwa flashi na hongera kwa picha ya barazani. Mimi nimezaliwa Unguja na nimepiga picha fukwe hizi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaanza na bahari, kwa kuwa hapo ndipo mpango wako ulipovuja. Ulizipangia ratiba dakika za watoto, ambazo hazipangiki, ukaviacha jua na maji, ambavyo vina ratiba yao tangu kabla sisi hatujazaliwa.

Jambiani, Paje na Bwejuu ziko pwani ya mashariki. Huko jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya miji. Anayetaka familia yake isimame mbele ya jua linalozama majini hana budi kwenda upande wa magharibi, yaani Nungwi, Kendwa au Mji Mkongwe wenyewe. Jambiani picha hiyo hupatikana alfajiri, na kama bibi ni mtu wa swala ya alfajiri basi yeye ndiye atakayekuwa macho na mchangamfu kuliko wote, jambo ambalo wapiga picha wengi hawalifikirii.

Kuhusu maji, usitazame kalenda ya ukutani peke yake, utazame mwezi. Kwenye pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa sana kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, na ndipo utakapowaona akina mama wa mwani wakishuka kwenye mashamba yao. Siku hizo ifikapo saa 10 au saa 11 jioni bahari imejaa hadi karibu na kuta za nyumba, na rangi yake ni ile wanayoitaka wageni. Kwa maelezo yako ninakisia kwamba ulikwenda siku ya 9 au ya 10 tangu mwezi uandame, ambapo maji hukupwa jioni. Ungemuuliza mvuvi yeyote wa pale kwa simu siku 3 kabla, angekwambia bila kufungua kitabu. Mimi hadi leo huuliza, ijapokuwa jedwali la maji ninalo kwenye simu.

Jambo jingine ni ufupi wa jioni yetu. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima, na ule mwanga wa dhahabu ambao wenzetu wa Ulaya hukaa nao kwa muda mrefu wakati wa kiangazi chao, kwetu hupita upesi. Likishazama una dakika 20 hivi za mwanga wa kufanyia kazi, kisha giza. Gari likichelewa kwa dakika 70 hapa kwetu umekosa jioni nzima. Ndiyo maana mimi humwambia mteja afike saa 9 hata kama picha ninayoitaka ni ya saa 11 na nusu, na muda wa katikati tunautumia kivulini, kunywa maji na kuzoeana.

Na mwavuli usiupeleke ufukweni msimu wa kusi. Ukilazimika, beba mifuko mitupu, uijaze mchanga pale pale na kuifunga kwenye miguu ya stendi, na bado awepo mtu wa kuishika.

---

FundiStendi_Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Ninakubaliana na aliyetangulia kuhusu jua na maji, lakini kazi yangu mimi ni ya ndani, picha za wafanyakazi wa ofisi, kwa hiyo nimeyapata majibu yangu kwa njia nyingine.

Mwaka jana nilikubaliana na ofisi moja kwamba ningepewa chumba cha mikutano, na kwamba watu 40 wangepita kwa siku moja. Nilikwenda kukikagua chumba, nikapima urefu wa dari, nikahesabu soketi za umeme. Asubuhi ya kazi chumba kilikuwa na mkutano wa dharura. Nikaonyeshwa korido yenye upana wa mita 2 na kidogo, yenye taa za mirija zinazotoa mwanga wa kijani, na ukutani dirisha la kioo cha rangi.

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa ninakijua kitu kimoja kwa uhakika: picha ile niliyoahidi inatokana na nini. Inatokana na mwanga mmoja laini ulio juu kidogo ya macho, upande mmoja wa uso, na ukuta ulio mbali na mgongo. Korido ni nyembamba lakini ni ndefu, kwa hiyo umbali wa nyuma nilikuwa nao kuliko hata kule chumbani. Niliiweka kamera kwenye 1/200, f/5.6 na ISO 100, yaani mipangilio inayoingiza mwanga kidogo sana kwa taa za ndani, nikapiga picha moja bila flashi, na kioo cha kamera kikaonyesha weusi mtupu. Maana yake taa za kijani hazikuwa tena na neno katika picha yangu. Baada ya hapo nikawasha flashi moja ndani ya softiboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, na kila sura iliyopita pale ikatoka na rangi yake halisi. Watu 38 walipita, wawili walikuwa safarini.

Kwa hiyo, MwangaWaTanga, mimi nisingekushauri upunguze kupanga. Ningekushauri ubadilishe unachokiandika. Orodha ya picha 22 inakueleza namna picha zitakavyoonekana, lakini haikuelezi zinatokana na nini, na siku chumba kinapochukuliwa au upepo unapovuma, orodha ya namna hiyo haina msaada.

Ninamfikiria mara nyingi Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Alifanya kazi zaidi kwa mwanga wa jua, uani, na kwa kawaida alipiga picha moja tu kwa kila mteja kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Mtu anayebofya mara moja hawezi kutegemea bahati, na kwa sababu hiyo alishughulika kwanza na namna ya kukaa, mikono, mkunjo wa nguo na upande wa uso. Sisi wenye memori kadi za kubeba maelfu ya picha tumehamishia kazi hiyo baada ya kubofya, na ninaamini tumepoteza kitu.

---

Bi_Mkubwa_Mombasa

Wanangu, asanteni kwa mazungumzo haya. Mimi hupiga picha za maharusi na za wazee hapa Mombasa, na ninaona wote wawili mmezungumzia mwanga na maji, ambayo ni kweli tupu, lakini bibi wa Jambiani mmemwacha amesimama mchangani.

Mwanangu wa Tanga, jambo la kwanza lililotakiwa kuandikwa kwenye karatasi yako ni kwamba yule ndiye aliyewakusanya watu 14, na kwamba miguu yake ina muda wake. Mzee hupigwa picha mwanzo, akiwa ameketi, mahali palipo karibu na choo na kivuli, na wengine ndio wanaomfuata yeye alipo. Ungeanza naye pale barazani saa 9, ukamaliza, akaingia ndani kupumzika, hata gari lingechelewa ungekuwa umeshapata picha waliyoifuata.

Mimi kabla ya kazi yoyote huenda nyumbani kwa mteja bila kamera. Ninakunywa chai, ninauliza mambo machache. Ninauliza nani lazima awemo pichani, na nani hawaketi pamoja, kwa sababu kila familia ina hilo na hakuna atakayekwambia usipouliza kwa upole. Kwa akina mama ninauliza picha zitaonwa na nani. Wapo wanaotaka kupigwa wakiwa wamejifunua nywele, kwa sharti kwamba picha zisitoke nje ya wanawake wa nyumba hiyo, na ahadi hiyo inafika hadi kwa anayechapisha. Hilo haliwezi kurekebishwa siku yenyewe. Mambo ya pozi hurekebishika.

Niwaeleze kazi moja. Nilikwenda Mji wa Kale kumpiga picha mzee mmoja fundi cherehani, ndani ya chumba chake cha kazi. Nilikuwa nimepanga kutumia taa mbili. Kwanza, nilikuwa nimetoka kwenye gari lenye kiyoyozi, na nilipoitoa kamera lenzi ikafunikwa na mvuke mzito. Wenye kazi ya pwani mnajua kwamba mvuke huo haufutwi kwa kitambaa, unasubiriwa, na dawa yake ni kuiacha kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la mahali. Nikakaa. Tulipokuwa tunasubiri, umeme ukakatika. Mzee hakusema kitu, aliinuka, akafungua mlango wa nyuma unaotazama ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, akausogeza mkono wake kwenye mwanga ule, akatunga uzi kwenye sindano. Ndivyo alivyofanya kila umeme ulipokatika kwa maisha yake yote ya kazi. Nikaketi kwenye kigoda upande wa pili wa cherehani, nikampiga picha hapo alipo, ukuta wa jirani ukinifanyia kazi ya rifleta.

Alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Hapo ninawakumbusha vijana: kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, kwa hiyo ikiona kanzu kubwa nyeupe hupunguza mwanga, na uso wa mzee wetu mweusi unazama gizani. Mtu wa buibui jeusi ni kinyume chake. Pima usoni, kisha uangalie kanzu isiungue. Hili nalo ni la kujua kabla, maana hakuna mzee atakayekusubiri ujifunze.

---

MwangaWaTanga

Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni nyote. Nimeyasoma majibu haya mara kadhaa kabla ya kuandika. KivuliChaMkungu, nimeangalia tarehe: ilikuwa siku ya 10 tangu mwezi uandame, kama ulivyosema.

Jumamosi hii nina kazi ya mwalimu mstaafu hapa hapa Tanga, ambaye watoto wake wanataka picha yake moja nzuri kabla hajafanyiwa upasuaji wa goti. Leo alasiri nilikwenda kwake bila kamera. Chumba anachokaa mchana kina dirisha moja linalotazama mashariki, na mkewe ameniambia kwamba hadi saa 3 asubuhi kinakuwa na mwanga mzuri, baada ya hapo hulifunga pazia kwa sababu ya joto. Anaweza kuketi bila maumivu kwa nusu saa. Goti baya ni la kushoto, kwa hiyo kiti kitageuzwa ili mguu huo ukae upande wa ukutani, ukiwa umenyooshwa juu ya kigoda.

Nilipouliza kuhusu nguo, wote wawili walitaja suti. Lakini muda wote tulipokuwa tunazungumza, mwalimu alikuwa na rula ya mbao mkononi, ya futi moja, iliyofutika namba zote za katikati, na kila alipotaka kunieleza jambo aliigonga polepole kwenye kiganja. Sikumwambia kitu. Karatasi yangu ya Jumamosi ina mistari 3: dirisha kabla ya saa 3, goti la kushoto, na kwamba hiyo rula isiondolewe chumbani.