Eneo la wazi la mtaa limezungushiwa mabati, malori nayo yanakatiza kwetu. Tuanzie wapi?

Katibu wa Kujitolea

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa ardhi na serikali za mitaa.

Nakaa Dar, mtaa mmoja wa Kinondoni, eneo lililopimwa tangu zamani. Tuna kamati ya wakazi ya kujitolea. Ilianza na ulinzi shirikishi na mambo ya taka, sasa kila mwenye kero anatubishia hodi.

Kubwa ni kiwanja. Kuna eneo la wazi, watoto wanapigia mpira, jioni kina mama wanakaangia mihogo pembeni, na msiba ukiwa mkubwa turubai hufungwa pale. Mwezi uliopita tumeamka tukakuta mabati, mlinzi kakaa kwenye kiti cha plastiki, na lori limeshamwaga mchanga. Mlinzi anasema bosi ana hati. Bosi tumeonana naye, mstaarabu tu, kanywa soda na sisi. Anataka kujenga ghorofa, fremu chini, nyumba za kupanga juu. Kwa ujirani mwema atatujengea ofisi ya serikali ya mtaa na kutuachia kipande cha watoto kuchezea. Kipande chenyewe kiko nyuma ya shimo la choo chake.

Pili ni malori. Foleni ikikaza barabara kubwa, fuso za mchanga zinakatiza mtaani kwetu, na bodaboda nyuma yake. Juzi mtoto wa chekechea kaponea chupuchupu. Vijana wanataka kumwaga matuta ya zege wenyewe usiku, saruji imeshachangwa.

Kamati imegawanyika. Wazee wanasema tuchukue ofisi kabla hatujakosa vyote. Vijana wanataka kung'oa mabati. Kwenye grupu la WhatsApp kila mtu ni jasiri, ukiitisha kikao tunakuja walewale. Mwenyekiti wa mtaa kila tukimuuliza anasema "nalifuatilia". Tuanze na lipi, tuache lipi?

Mzaramo Halisi

Weka picha mkuu. Uzi wa kiwanja bila picha ni hadithi za vijiweni.

Katibu wa Kujitolea

Picha siweki. Mtaa ukijulikana na mimi nimejulikana.

Mpima Mstaafu

Katibu, anza na kiwanja. Malori yatakuwepo hata mwakani, lakini msingi ukishamwagwa zege habari inakuwa nyingine.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na kinachowaangusha wakazi ni kwenda ofisini na maneno "tangu tuko wadogo tunacheza pale". Pale ofisini hilo halina faili. Kuna karatasi tatu ambazo watu wanazichanganya. Upo mchoro wa mipango miji, wengine wanauita TP, unaoonyesha kila kipande kimepangiwa kazi gani. Ipo ramani ya upimaji, yenye mipaka na namba. Halafu ipo hati. Mtu anaweza kuwa na hati ya kweli kabisa, ila ya kiwanja cha jirani, mabati ndiyo yaliyovuka mpaka. Anaweza kuwa na hati iliyotoka baada ya matumizi ya eneo kubadilishwa mezani. Au ana karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri na yeye anaiita hati. Kabla hamjajua ni ipi, hamjui hata mnagombana na nani. Wa kwanza na wa tatu mnagombana naye yeye. Wa katikati mnagombana na halmashauri yenu.

Kwa hiyo nendeni idara ya mipango miji ya manispaa, ombeni kuona mchoro wa kitalu chenu. Mkipata namba ya kiwanja, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati. Unalipia ada, si lazima uwe mmiliki. Mkiambiwa faili halionekani (mtaambiwa), andikeni barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 za kujibu. Mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni sawa na ambayo haikuandikwa.

Kama matumizi yalibadilishwa, ulizeni swali moja tu: tangazo la kuwaita wananchi watoe pingamizi lilitoka lini, na kikao kipi kilipitisha? Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kubadili matumizi ni mchakato, siyo hisani ya mtu.

Mchumia Juani

Mpima unaongea kitabu. Mtaa wetu tulikataa kila alichotupa, tukaenda ofisi hii na ile, mwisho jengo limesimama na hatukupata hata bomba la maji. Katibu, chukueni ofisi na hicho kipande, muandikishane. Nusu shari.

Mpima Mstaafu

Mchumia, maumivu yako nayaelewa, ila kumwambia "muandikishane" ndiyo mtego wenyewe. Wakishasaini kupokea ofisi, ile karatasi ndiyo itakayoonyeshwa kesho kwamba wakazi waliridhia. Na kamati ya kujitolea inaridhia kwa niaba ya nani? Eneo la wazi si mali ya kamati wala ya mwenyekiti. Kunyweni soda zake, ila kalamu iacheni nyumbani.

Boda wa Mbezi

Naona sisi boda tumetajwa kama kawaida. Hayo matuta ya usiku yasiyo na rangi wala kibao ndiyo yanayotuua. Mwenzetu karushwa na tuta la wananchi wenye hasira, abiria kavunjika bega. Jengeni hivyo muone.

Injinia wa Vumbi

Boda kasema kweli. Barabara ya mtaa ina mwenyewe. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, barabara kuu na za mikoa ni TANROADS. Ukimwaga zege juu yake bila kibali, mtu akianguka utatafutwa wewe uliyechanga saruji.

Mwandikieni meneja wa TARURA wa wilaya, barua ipitie kwa mtendaji wa mtaa. Msiandike "tunaomba matuta" peke yake. Tuta linapunguza mwendo, halimzuii dereva wa fuso anayekimbia foleni, atapita tu polepole na kelele zaidi. Mnachotaka ni katazo la malori kupita: kibao, na ikiwezekana kizuizi cha urefu kwenye mdomo wa barabara. Jiulizeni kwanza gari la zimamoto na la kunyonya vyoo yatapitaje, maana hilo ndilo swali la kwanza watakalowarudishia. Kaeni kibarazani siku chache, asubuhi na jioni, muandike malori mangapi na saa ngapi. Barua yenye hesabu haitupwi kirahisi. Nakala kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya. Ile saruji fanyieni mifuniko ya mtaro.

Jirani wa Lang'ata

Mimi ni Mkenya, nawasoma nikiwa Nairobi. Kwetu sheria ya mipango ya 2019 inampa mkazi asiyeridhika na kibali cha ujenzi siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti, kutoka hapo unaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache mno, wengi huamka zikiwa zimeisha. Hivyo vyama vya wakazi hapa huwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusoma mabango na matangazo ya magazeti tu, kila wiki. Mteueni wa kwenu.

Na tafadhali msiwaweke watoto mbele. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road waliandamana kupinga uwanja wao kuzungushiwa ukuta, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Uwanja waliupata, lakini zile picha mimi sijazisahau. Mwanamazingira wetu, Profesa Wangari Maathai, alipopinga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya umma ya Uhuru Park hapa Nairobi mwaka 1989 alianza kwa barua, hadi kwa balozi wa Uingereza, na jumba halikujengwa.

Mzaramo Halisi

Dada, Profesa Maathai alikuwa na Nobeli. Katibu ana daftari.

Jirani wa Lang'ata

Nobeli alipata 2004, kaka. Mwaka 1989 alikuwa na taipureta.

Wakili Uchwara

Msikimbilie mahakamani kwa hasira. Ukitaka kushtaki halmashauri, lazima notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa. Kamati isiyosajiliwa haishtaki kwa jina lake. Mnateua wachache wanaoomba ruhusa ya mahakama kuwakilisha wengine, na hapo ndipo wenye kelele za WhatsApp watatakiwa kusaini. Wakili ataomba zuio la muda ili ujenzi usimame, ila jaji atauliza mlichukua hatua gani kabla. Barua zenye mihuri za Mpima ndizo jibu.

Katibu wa Kujitolea

Wakuu, nawashukuru sana. Mrejesho mfupi. Tumeuona mchoro. Eneo limeandikwa la wazi, halina namba ya kiwanja. Maombi ya taarifa kama kuna mabadiliko tumeyapeleka, muhuri upo. Vijana wamekubali kuhesabu malori, na mmoja ni boda, nadhani anatupeleleza.

Kilichobaki: mwenyekiti hataki kuitisha mkutano wa mtaa. Anasema "suala lina wakubwa". Bila mkutano, muhtasari wa kuonyesha msimamo wa wakazi tunautoa wapi?

Mtendaji wa Zamani

Nimekuwa mtendaji wa mtaa, nikuambie inavyokwenda. Mwenyekiti anaongoza mkutano, ila karani wa yote ni mtendaji, na yeye ni mwajiriwa, anaogopa maandishi. Kusanyeni majina, namba za nyumba na sahihi za wakazi wanaoomba mkutano, ajenda moja tu, eneo la wazi. Malori msiyaweke humo, mkichanganya watu watagombania matuta hadi magharibi na kiwanja hakitafikiwa. Mpeni mtendaji wa mtaa, nakala mtendaji wa kata, diwani na mkuu wa wilaya. Mwenyekiti akiona nakala ya DC tarehe itapatikana.

Siku ya mkutano hakikisheni karatasi ya mahudhurio inazunguka kabla mazungumzo hayajaanza, watu wakishakasirika wanaondoka bila kusaini. Azimio liandikwe neno kwa neno na lisomwe kwa sauti kabla ya kufunga: wakazi hawajaridhia eneo kubadilishwa matumizi, na wanaomba ujenzi usimame hadi mipaka ihakikiwe na mpima wa halmashauri. Muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji palepale, mbele ya watu. Mkimwachia aende nao nyumbani, mtausubiri hadi ghorofa ya pili.