MJADALA: Kuhakiki saini na kujikompailia programu za usimbaji, ni usalama au ni kujifariji?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila anayeanza kushika seva hupewa wosia uleule: programu za usimbaji (za kuficha data na kulinda mawasiliano) kama OpenSSL na GnuPG usizichukue zikiwa zimeshatengenezwa na watu wa distro (wanaofungasha Linux, kama Debian na Ubuntu). Toleo jipya likitoka, pakua msimbo chanzo, hakiki saini ya kidijitali ya watengenezaji, kompaili mwenyewe (yaani geuza msimbo uwe programu inayoendeka). Mimi nasema wosia huu una nusu moja ya maana na nusu nyingine ya mazoea tu. Nipingeni kwa hoja.

Tuanze na saini. Ukiendesha amri ya GnuPG ya kuhakiki, gpg --verify, ukajibiwa kwamba saini ni sahihi, umejua kwamba faili lilisainiwa na mwenye ufunguo wa siri wa kusainia na halijaguswa tangu hapo. Mwenye ufunguo ana nia gani, na ameweka nini ndani, hilo saini haikuambii.

Mfano mnaujua. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshiriki kutengeneza PostgreSQL (programu ya hifadhidata), alitangaza kwamba xz matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kumwingiza mshambuliaji. Sasa xz kazi yake ni kubana mafaili, usimbaji hauihusu. Lakini Debian na Fedora waliiongezea sshd (inayopokea wanaoingia kwenye seva kwa mbali kupitia SSH) kiraka cha kuiunganisha na systemd (inayosimamia huduma za Linux), na systemd ikaja na liblzma, ambayo ni maktaba ya xz. Kwa njia hiyo uchafu ukafika hadi kwenye SSH. Matoleo yale yalitolewa na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyeutumikia mradi zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Saini ilikuwa yake halali. Ungehakiki, ungeambiwa mambo safi. Na Freund hakuugundua kwa kuhakiki chochote: alikereka tu kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde.

Kuhusu kujikompailia, tatizo langu ni apdeti. OpenSSL uliyoiweka mwenyewe /usr/local, apt (amri ya Debian ya kuweka na kuapdeti programu) haiijui. Heartbleed, kasoro kubwa ya OpenSSL, ilipotangazwa tarehe 7 Aprili 2014, kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f zote zilikuwa wazi na dawa ilikuwa 1.0.1g. Wa Debian wakapata kiraka siku hiyohiyo kwa amri mbili. Aliyejikompailia ilibidi kwanza akumbuke kwamba alijikompailia.

Karibuni.

Mzee wa Seva

Mkuu, umechagua mifano inayokufaa. Mbona Debian ya 2008 umeiruka?

Kwa wasiokuwapo: mwaka 2006 mtunza kifurushi cha OpenSSL pale Debian aliondoa mistari michache ya msimbo kwa sababu Valgrind, programu ya kusaka makosa ya kumbukumbu, ilikuwa inailalamikia. Mistari hiyo ndiyo iliyoingiza unasibu, yaani namba zisizotabirika, kwenye kutengeneza funguo. Ikabaki namba ya mchakato peke yake, yaani uwezekano 32,768 tu kwa kila aina ya ufunguo. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzitengeneza zote na kuzijaribu moja moja. Ilichukua karibu miaka miwili mpaka Luciano Bello akaligundua, Mei 2008. Ubuntu nao walikuwa wamelirithi.

Nani alisalimika? Yule aliyechukua msimbo kwa OpenSSL wenyewe akakompaili. Usituambie distro ni mahali pa kulala usingizi.

Binti Terminali

Naongezea kwa Mzee, na naomba nitofautiane na mleta mada kwenye xz yenyewe.

Mtego ule ulikuwa unakagua kwanza mazingira. Kama hukuwa unatengeneza kifurushi cha Debian au RPM (cha Fedora na jamaa zake) kwenye Linux ya x86-64 (prosesa za kawaida za Intel na AMD), ulikaa kimya. Kwa hiyo fundi aliyepakua 5.6.1 akaendesha amri za kukompaili, ./configure na make, kwenye folda yake hakupata ule mlango. Waliopata ni waliopokea kutoka kwenye distro za majaribio. Mfano wako unakusaliti, kaka.

Mleta mada

Dada, umesema kweli tupu, ila hitimisho silikubali. Mshambuliaji ndiye aliyeamua nani aachwe, akachagua distro kwa sababu seva nyingi ziko huko. Angewataka wanaojikompailia, alikuwa na uwezo wa kuwapata kwa faili lilelile. Huwezi kuita hiyo kinga.

Kwa Mzee: ya 2008 siipingi. Ndiyo maana sitetei distro kwa imani. Ninachotetea ni matokeo yanayoweza kurudiwa: msimbo uleule, ukikompailiwa na watu tofauti kwenye mashine tofauti, utoe faili lilelile hadi baiti ya mwisho. Hapo hashi (alama fupi zinazokokotolewa kutoka kwenye faili) zikitofautiana, kuna mtu amechezea au kuna mashine iliyoingiliwa. Bitcoin Core, watengenezaji wa programu ya Bitcoin, wanafanya hivyo: watu kadhaa wanakompaili kila mmoja kivyake, wanasaini hashi walizopata, kisha wanalinganisha. Wa kivinjari cha Tor Browser walianza 2013. Debian wanahangaika nalo tangu mwaka huohuo.

Ni kazi ngumu, sidanganyi. Tarehe ikiingia ndani ya faili, hashi imebadilika. Jina la folda vilevile. Mwaka 2013 Xavier de Carné de Carnavalet wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, alitaka kujua kama TrueCrypt 7.1a ya Windows, programu ya kusimba diski, inayopakuliwa kweli inatokana na msimbo uliochapishwa. Alifanikiwa, zikabaki tofauti zinazoelezeka kama tarehe na saini. Lakini ilibidi atafute hadi Visual C++ 1.52, kompaila ya 1993! Kazi yake moja iliwasaidia watumiaji wote wa toleo lile. Mimi nikikompaili peke yangu bila kulinganisha na yeyote, nimemsaidia nani?

Niko Chuo

Wakubwa, samahani kuingilia. Ufunguo wenyewe wa kuhakikia, ule wa wazi unaoendana na wa siri wa kusainia, nautoa wapi? Nikiupakua kwenye tovuti ileile ya faili, aliyeidukua tovuti si ataweka na ufunguo wake? Februari 2016 tovuti ya distro ya Linux Mint ilidukuliwa, kiungo cha kupakua kikapelekwa kwenye ISO (faili la kusakinishia mfumo) yenye mlango wa nyuma. Halafu gpg kila mara inanionya kwamba ufunguo haujathibitishwa, na mtaani kwangu hakuna wa kunithibitishia.

Mzee wa Seva

Swali zuri kuliko yetu, mdogo wangu. Usiupokee ufunguo kwa njia moja. Vifurushi vingi vya chanzo vya Debian hubeba ufunguo wa watengenezaji, angalia debian/upstream/signing-key.asc. Linganisha alama yake ya utambulisho (fingerprint) na ile ya kwenye tovuti. Na ukiupata ufunguo, utunze, usiupakue upya kila toleo. Siku ukibadilika bila maelezo, simama kwanza. Kazi ya dakika chache, na bando lake ni dogo kuliko la picha moja ya WhatsApp.

Binti Terminali

Mleta mada, hujamaliza. Hayo matokeo yanayorudiwa yasingeikamata xz. Uchafu ulikuwa ndani ya kifurushi cha chanzo. Watu kumi wakikompaili kifurushi kichafu kwa taratibu zilezile, wote wanapata hashi moja chafu.

Mleta mada

Hapo umenibana vizuri, na ndipo nilipotaka tufike. Faili la kuamsha mtego, build-to-host.m4 lile lililochezewa, halikuwapo kwenye Git, ghala la wazi la msimbo wa mradi. Lilikuwa kwenye kifurushi cha kupakua tu. Kwa hiyo kabla ya kukompaili kuna hatua ambayo wosia wetu haujaigusia kabisa: toa toleo lilelile kutoka Git, weka pembeni ya kifurushi, endesha diff -r uone tofauti.

Shida ni kwamba miradi inayotumia Autotools (zana za kuandaa ukompaili) huongeza kwenye kifurushi configure na rundo la mafaili mengine yaliyotengenezwa na mashine, maelfu ya mistari ambayo hakuna anayeisoma. Jia Tan alijificha humohumo. Mimi nasema tukompaili moja kwa moja kutoka Git na hayo mafaili tuyazalishe wenyewe. Mzee, wewe una seva za kazini: hilo linatekelezeka kwako au nitakuwa nimekupa kazi ya mwezi mzima?