Mjadala: Je, momenta inahifadhiwa fuwele inapozaa mwanga wa kijani?

Mwalimu, Chake Chake:
Assalaam alaykum. Kila mwaka tunawaambia wanafunzi wa skuli kwamba momenta haipotei wala haizuki. Lakini ndani ya fuwele ya lithiamu niobati, fotoni mbili (chembe za mwanga) za nanomita 1064 huungana zikawa moja ya kijani, nanomita 532. Nishati inalingana sawasawa. Momenta hailingani: kipimo cha kupinda mwanga ni 2.16 kwa zile mbili na 2.23 kwa ya kijani, na tukiizidisha momenta kwa kipimo hicho kama ada, ya kijani inazidi kwa takriban asilimia 3. Kinachoitwa uhifadhi wa momenta hapa ni mawimbi kwenda sambamba tu, yaani vilele vyake kupanda na kushuka pamoja; tusiwababaishe watoto.

Mwalimu, Unguja:
Waalaykumu salaam, Maalim. Hesabu yako naikubali, hukumu siikubali, kwa sababu umeuhesabu mwanga peke yake ukaiacha nje fuwele, nayo ni mshirika wa tendo zima. Fuwele iliyo sawa mwanzo hadi mwisho haina namna ya kuitoa asilimia 3 hiyo. Ndiyo maana kijani huchipuka, na baada ya mikromita 3 na ushei huanza kujirudi, kama mashua ambayo makasia yake yamekosana. Wahandisi wakiugeuza mwelekeo wa umeme wa fuwele kila baada ya kipande cha urefu huo, mpangilio wa vipande hutoa kiasi kilekile kilichopungua, na fuwele ndiyo inayobeba tofauti.

Tena kwenda sambamba si jambo jingine, kwani momenta ya fotoni ni msongamano wa mawimbi yake (mawimbi mangapi katika urefu fulani) ukizidishwa na namba ya Planck, ambayo haibadiliki. Mwaka 1961, mwanafizikia Franken na wenzake walipopitisha leza ya yakuti kwenye kwatzi, mawimbi hayakwenda sambamba, na mwanga mpya ulipatikana vivyo hivyo, ila hafifu mno hata doa lake pichani likafutwa kabla ya kuchapwa, likidhaniwa uchafu.

Mwalimu, Chake Chake:
Kuzidisha momenta kwa kipimo cha kupinda mwanga ni kwa mwanahisabati Minkowski, 1908. Mwanafizikia Abraham, mwaka uliofuata, aligawa kwa kipimo hicho, na kwake fotoni ya kijani inapungukiwa. Sasa fuwele inatoa au inapokea?

Mwalimu, Unguja:
Mwanafizikia Barnett alionesha mwaka 2010 kwamba momenta zote mbili, ya Minkowski na ya Abraham, zina mahali pake. Ulinganifu wa fuwele, yaani kuonekana kwake vilevile ukihama mahali, unaitawala ile ya Minkowski, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuandika ubaoni. Ya Abraham utaihitaji siku utakayotaka kujua fuwele nzima imesogea vipi.