Miezi 18 nimetoa damu ya utafiti hapa Malindi, na dawa niliyokuwa nikimeza siijui hadi leo

Nina hasira na nitaandika nikiwa nayo, maana nikingoja ipoe nitanyamaza kama walivyonyamaza wenzangu.

Mimi ni mgonjwa wa presha, mkaazi wa Maweni. Miaka mitatu iliyopita watu wa utafiti walikuja mtaani, wakaitisha kikao chini ya mwembe, mzee wa mtaa akiwepo. Walieleza vizuri, hilo siwanyimi. Wagonjwa tungegawanywa makundi mawili kwa kura ya kompyuta: hawa dawa ya siku zote, hawa kidonge kipya chenye dawa mbili ndani yake. Vidonge vyote sura moja, na si mgonjwa si daktari atakayejua nani anameza kipi, kwa sababu daktari akijua, jicho lake huegemea upande. Nikaelewa. Nikasomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, nikatia sahihi. Iliandikwa kwamba naweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu, na kwamba utafiti ukiisha tutaitwa tuelezwe matokeo.

Mwajua maneno ya huku kwetu. Mtu akionekana na chupa za damu tu, keshaitwa mumiani. Majirani waliniambia damu yangu yauzwa ng'ambo. Mimi ndiye niliyewajibu! Niliwaambia chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021 ilipitia kwa watoto wa Kilifi hii hii, pamoja na wenzao wa nchi nyingine sita za Afrika, zaidi ya 15,000 kwa jumla, na kila mmoja mzazi wake alikubali kwanza. Jirani yangu wa mlango wa pili, bibi wa miaka 70, aliingia utafitini kwa maneno yangu hayo.

Nimekwenda ziara 11. Kila ziara chupa tatu za damu, mkojo, na presha kupimwa mara tatu. Siku hiyo siuzi mahamri, maana hakuna anayenunua mahamri saa tano. Nauli walirudisha, sikatai, na sikudai zaidi.

Ziara ya mwisho muuguzi akahesabu vidonge vilivyobaki, akavichukua, akanipa barua ya kwenda kliniki ya serikali. Mistari minne. Daktari wa kliniki akaniuliza, "Mama, ulikuwa ukitumia dawa gani?" Nikamwonyesha barua. Haikusema. Ikabidi aanze upya, kwa kipimo kidogo. Wiki ya tatu presha ilikuwa 186 kwa 112 na nilianguka jikoni, hatua moja kutoka karai la mafuta ya moto. Mwanangu ndiye aliyenivuta.

Siri wakati wa utafiti naikubali. Utafiti umeisha, sasa wanamficha nani?

Namba ya kwanza kwenye fomu haipatikani. Ya pili alipokea kijana mwenye adabu, akasema data bado yachambuliwa, mtaitwa. Mwaka umepita na miezi juu. Nilipofika ofisini nikaambiwa mradi ulifungwa na waliokuwemo wamehamia mradi mwingine. Na wiki iliyopita gari lile lile limeingia Maweni likitafuta wagonjwa wa sukari. Damu yetu wanajua njia ya kuifuata, majibu yetu hayana gari!

Halafu tukikataa wataandika kwamba watu wa pwani wanaogopa utafiti kwa sababu ya uvumi. Uvumi unalishwa na kimya hiki. Bibi wa mlango wa pili ananiuliza kila tukikutana, "Mwanangu, ile damu ilisema nini?" Mimi ndiye niliyempeleka, na sina jibu la kumpa.

Mwanangu amenisomea Azimio la Helsinki, lile la madaktari wa dunia la mwaka 1964 ambalo limerekebishwa mara kadhaa. Linasema washiriki wote wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla ya utafiti. Basi siombi hisani ya mtu. Nataka jina la dawa niliyomeza, liandikwe kwenye karatasi nimpelekee daktari wangu, na nataka waje chini ya mwembe ule ule waseme walichokipata, hata kama kidonge chao hakikufaa kitu.

Kama ulikuwa kwenye utafiti huo wa presha, uwe mjini, Mambrui au Gede, andika hapa kama umewahi kuambiwa lolote. Namba yako ya mshiriki usiiweke hadharani, nitumie pembeni. Jumatatu napeleka barua kwa kamati ya maadili iliyoipitisha fomu ile, na nataka iwe na sahihi nyingi. Bibi wa mlango wa pili keshaweka dole gumba lake.