Serumu za kung'arisha ngozi za mitishamba nazo zikatazwe?

Binti wa Majengo: Wadau, haidrokwinoni na zebaki, zile kemikali za kujichubua, zilishapigwa marufuku kwenye vipodozi. Sasa hapa Moshi maduka ya urembo yamejaa "serumu za asili": arbutini, mizizi ya susu, mforosadi. Kazi ni ileile, kukizuia kimeng'enya cha tairosinasi ili ngozi isitengeneze melanini, ile rangi yake nyeusi. Tuziachie kwa kuwa ni majani? Mimi nasema zikatazwe.

Mpare wa Same: Majani hayajamdhuru mtu. TFDA, wale wa mamlaka ya chakula na dawa, wahangaike na kemikali, mitishamba waiache. Halafu tuambiane ukweli, dada zetu wa mjini wanajichubua kwa kupenda kwao. Usoni Fanta, miguuni Coca!

Mama Rombo: Kwa kupenda kwao? Siku ya kuposwa, shangazi wa mchumba wangu alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akasema "kumbe hapa ni mweupe, wangempaka tangu mdogo". Sebule nzima ikacheka. Mchumba akainamia soda yake. Wiki ileile nikanunua mkorogo. Useme tena nilipenda.

Mpare wa Same: Pole sana dada. Ila usituweke wanaume wote kapu moja. Mke wangu ni mweusi tii.

Mama Rombo: Wanaume nimewataja wapi? Nimemtaja shangazi.

Kijana wa Ngarenaro: Tuseme tu wazi, hata huku Arusha wanaume wengi tunaangalia weupe kwanza. Nakiri, na ni aibu.

Dawa Baridi: Turudi kwenye mada. TFDA haipo, vipodozi viko TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Na kaka wa Same, utomvu wa mnyaa nao ni wa mti, ukuingie jichoni uone. Arbutini ipo hata kwenye majani ya mpea, lakini ikivunjika inatoa haidrokwinoni ileile iliyokatazwa. Pale hospitali ya KCMC wanatengeneza mafuta ya kukinga jua ya Kilisun kwa wenzetu wenye ualbino, maana ngozi isiyo na melanini jua linaichoma hadi saratani. Wao wanahangaika kuishi bila hiyo melanini, sisi tunatoa hela kuipunguza!

Mama Rombo: Nimekuelewa, mdogo wangu. Ila wa Same hajanijibu. Huyo mkeo mweusi tii, umewahi kumwambia ni mzuri mbele ya ndugu zako?

Mpare wa Same: Nilimwambia mbele ya mama, siku ya sendofu. Dada zangu walininunia wiki nzima.