Eti Cajal "alikuwa mchoraji wa Golgi tu"! Watu wengine wanyang'anywe kipaza sauti

Hadubini_Kuukuu (mleta mada):

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka sasa hivi kwenye semina ya ubongo, habari za Golgi wa Italia na Cajal wa Uhispania, wanasayansi wa zamani waliochunguza seli za neva, na yule mtaalamu mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule asiyekosekana kwenye jopo lolote hata likiwa la ufugaji wa kuku. Kasimama mbele ya ukumbi mzima, kashika tai, kasema: "Seli za neva kazigundua Golgi. Huyo Cajal alikuwa mchoraji wake tu."

MCHORAJI. WAKE. TU.

Nikanyoosha mkono. Nikasema kwa adabu zote: shikamoo mzee, hao wawili walionana uso kwa uso kwa mara ya kwanza Stockholm mwaka 1906, wamekwenda kupokea Nobel. Mtu anamchoreaje mtu ambaye hajawahi kumtia machoni? Akacheka! Akaniambia: "Kaa chini mdogo wangu, historia tuachie sisi." Na watu wakapiga makofi. Wamepiga hadi panya wa darini wamehama mtaa.

Hebu niambieni. Santiago Ramón y Cajal, mtoto wa Petilla de Aragón huko Uhispania, aliyezaliwa 1852. Utotoni alitengeneza mzinga, akalipua geti la jirani, akawekwa ndani. Baba yake, daktari wa upasuaji, hakutaka kusikia habari za kuchora, akampeleka kwa kinyozi, akampeleka kwa fundi viatu. Baadaye mzee mwenyewe akamchukua makaburini wakaokota mifupa ya watu, kijana akaichora, anatomia ikamwingia hapo. Akawa daktari wa jeshi Cuba, akarudi na malaria iliyombakiza ngozi na mifupa.

Golgi namheshimu. Mwaka 1873, kwenye jiko la hospitali ya Abbiategrasso huko Italia, alipata njia ya kutia seli rangi nyeusi kwa daikromati ya potasiamu na naitreti ya fedha. Safi kabisa. Lakini alitazama akaona wavu, nyuzi zote zimeungana. Cajal alionyeshwa njia hiyo Madrid mwaka 1887, nyumbani kwa daktari Simarro, akaiboresha: akairudia rangi mara mbili, akatumia vijusi na wanyama wachanga ambao nyuzi zao bado hazijavikwa mafuta. Mwaka 1888, akiwa Barcelona, akaona kwenye ubongo wa ndege kwamba kila seli inajitegemea. Zinakaribiana sana, haziungani. Akaanzisha jarida kwa pesa yake, nakala 60! Mwaka 1889 akabeba slaidi zake hadi Berlin, akawavuta wakubwa mmoja mmoja hadi kwenye hadubini, mpaka Kölliker mwenyewe, bingwa wa anatomia, akasalimu amri.

Ndiyo, alichora, michoro kama 2,900, na mishale akaweka kuonyesha ishara zinaelekea wapi! Miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ikaonyesha upenyo kati ya seli na seli, palepale aliposema. Na huyo "bosi" wake, Golgi, alitumia hotuba ya Nobel kuipinga nadharia ya neuroni, yaani hiyo ya kila seli kujitegemea, mwenzake yupo palepale!

Halafu mimi naambiwa kaa chini. KAA CHINI!

Kobe_wa_Kilwa: Nimewahi siti ya mbele. Karanga ziko wapi?

MamaChapati: Mkuu povu lote hili? Marehemu kafa 1934, wewe unakosa usingizi leo. Ulikaa lakini?

Hadubini_Kuukuu: Nilikaa dada, mwenye kipaza sauti yeye! Na marehemu hawezi kujitetea, ndiyo kinachoniuma. "Mchoraji wake tu"!

Jembe_Butu: Huyo mzee namjua vizuri. Ndiye aliyetuambia ule uongo kwamba binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo. Tukaandika kwenye daftari na mtihani akatunga.

Seli_Moja: Mleta mada uzi mrefu kuliko neva yenyewe. Golgi naye msimwonee, kile kidude cha ndani ya seli chenye jina lake kimo kwenye kila kitabu cha baiolojia.

Mpare_Halisi: Mnamlilia Mhispania mwenye Nobel yake kabatini! Erasto Mpemba je? 1963, kijana wa sekondari ya Magamba, kaona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingia friji ukiwa moto umewahi kuganda. Mwalimu kacheka, darasa limecheka. Mpaka profesa Osborne wa fizikia alipoagiza lijaribiwe maabara, wakachapisha 1969. Mbona huyo hamumfungulii uzi?

Kobe_wa_Kilwa: Mpare leo umeongea.

MamaChapati: Ngoja kwanza. Maji ya moto yanawahi kuganda? Mimi nauza barafu, friji langu linakula siku nzima na barafu bado uji.

Jembe_Butu: Hilo gesi imeisha. Ila usiite fundi wa hapa kwetu. Wangu kachukua hela ya gesi, kafungua nyuma, kapuliza vumbi, kaondoka.

Hadubini_Kuukuu: Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Nobel ya 1906...

MamaChapati: Fundi huyo ana pikipiki haina taa? Mimi kaondoka na kompresa nzima, anasema anaipeleka kupimwa!

Jembe_Butu: Huyo huyo! Njoo inbox dada.