Mjadala: Anime ya fumbo ihukumiwe kwa episodi ya kwanza?

Mleta mada:
Wakuu, kila msimu mpya ukianza tunagawanyika kwa swali hili hili. Anime (katuni ya Kijapani) ya fumbo ikitoka, ni haki kuihukumu baada ya episodi moja ya dakika 24, au tungoje tatu?

Ili tusizunguke, nachukua mfano mmoja: The Apothecary Diaries, iliyoanza Oktoba 2023 kwa kurusha episodi 3 kwa mkupuo. Nchi ni ya kubuni, imefanana na China ya kale. Maomao, binti mjuzi wa dawa aliyekulia mtaa wa madanguro, anatekwa na kuuzwa awe kijakazi wa chini kwenye makazi ya wake wa mfalme. Vichanga vya mfalme vinakufa na watu wanasema ni laana. Maomao anagundua kuwa chanzo ni poda nyeupe ya kujipaka usoni. Humu siri zitaanikwa, asiyeitazama ajihadhari.

Msimamo wangu: episodi ya kwanza inatosha, ila jua unapima nini. Kukunogea au kutokukunogea weka kando kwanza. Jiulize kama umetendewa haki: kabla jibu halijatajwa, uliwekewa mbele ya macho vitu vyote alivyotumia mpelelezi?

Msomaji wa riwaya za upelelezi:
Kwa kipimo hicho hicho inaanguka. Mwaka 1929 padri Ronald Knox wa Uingereza aliandika kanuni 10 za hadithi za upelelezi. Mojawapo inasema dalili yoyote anayoipata mpelelezi aoneshwe msomaji papo hapo. Maomao anaijua poda ile kwa sababu aliwaona makahaba wakidhoofika nayo, na sisi tunaambiwa hilo wakati wa kupewa jibu. Fumbo halikuwa letu kulifumbua.

Mfamasia:
Sikubaliani nawe, mkuu. Rudia sehemu ya wake wawili, Gyokuyou na Lihua, wanapogombana mbele ya tabibu. Kabla ya hapo vijakazi wameshazitaja dalili: kichwa, tumbo, kichefuchefu. Wagonjwa ni mama na mtoto wake, na hali inazorota pole pole. Ugonjwa wa kuambukiza ungewaangusha na watumishi wa ndani. Kwa hiyo unatafuta kitu kinachokaa kwenye ngozi ya mtu anayembeba na kumnyonyesha mtoto. Halafu picha inamsogelea Lihua, uso mweupe pe kama umepakwa chokaa. Dalili hiyo hapo, mbele ya macho yako.

Na kanuni nyingine ya Knox inakataza sumu ambazo hazijajulikana bado. Poda ile nyeupe ni ya risasi (metali yenye sumu, si ya bunduki), nayo inajulikana tangu zamani. Huko Japani, mwaka 1887, mwigizaji wa kabuki (tamthilia ya jadi ya Kijapani) Nakamura Fukusuke wa Nne alitetemeka miguu jukwaani mbele ya mfalme, na ikabainika ni sumu ya risasi kutoka kwenye poda yake. Mwaka 1923 daktari wa watoto Hirai Ikutaro wa Kyoto alionesha kwamba maradhi ya ubongo yaliyokuwa yakiua vichanga yalitokana na poda ya mama zao. Mtoto mdogo hufyonza tumboni mara 4 hadi 5 ya risasi anayofyonza mtu mzima, ndiyo maana yeye anakufa kwanza na mama anabaki akichechemea.

Mtazamaji wa pwani yetu au wa Uarabuni ana nafasi nzuri zaidi ya kubashiri. Baadhi ya wanja wa kienyeji husagwa kutoka kwenye galena, ambayo ni risasi na salfa, na wahudumu wa afya huonya usipakwe machoni mwa watoto.

Msomaji wa riwaya za upelelezi:
Hoja ya dalili naikubali nusu. Weupe wa Lihua tunauona, sawa, lakini kwenye mchoro nusu ya wanawake wa kasri ni weupe. Nitamtofautishaje?

Mtafsiri wa manukuu:
Hapo ndipo wengi wetu tunapotezwa, na kosa si la waandishi. Fumbo huanikwa kwa maandishi yaliyo ndani ya picha, na manukuu mabovu (maandishi ya tafsiri chini ya picha) huyaruka.

Chukua mtego wa Jinshi, ofisa anayesimamia makazi ya wake wa mfalme. Onyo kuhusu poda liliachwa dirishani bila jina, limeandikwa kwenye kipande cha nguo ya kazi, basi anataka kumjua kijakazi anayejua kusoma. Anawakusanya, anainua karatasi inayomwambia mwenye madoadoa usoni abaki, kisha wote wanaruhusiwa kuondoka. Wasiojua kusoma wanajiondokea. Maomao anaganda. Mtego wote umo kwenye karatasi ile, hakuna anayeisoma kwa sauti wakati huo. Mtafsiri aliyefuata maneno ya mdomoni tu anakuachia msichana aliyesimama bila sababu.

Kitaalamu ni kazi ndogo. "Wewe mwenye madoadoa, baki hapo" ni herufi 31. Mstari wa manukuu huchukua mpaka herufi 42, na kwa mwendo wa herufi 17 kwa sekunde unahitaji sekunde 2 tu. Maneno hayo yawekwe sehemu ya juu ya picha yasigongane na mazungumzo ya chini. Kwa matoleo ya kutafsiriwa kwa sauti, yale ambayo msimuliaji anaongea juu ya kila kitu, akijaza ukimya ule kwa maneno yake fumbo limekufa. Kabla hujasema episodi ya kwanza haieleweki, hakikisha umetazama toleo lenye maandishi yaliyotafsiriwa.

Mleta mada:
Nakubali, na naongeza jambo linaloupunguza nguvu msimamo wangu mwenyewe. Risasi inarudi. Episodi ya 16, ambayo jina lake ndilo hilo, ina fundi wa vyuma aliyewaachia wanawe watatu urithi wa ajabu, na siri yake ni mchanganyiko wa metali unaoyeyuka kwa joto dogo. Episodi ya 19 madhabahuni, kifungo cha metali ya namna hiyo kinayeyushwa na moto wa ibada na boriti inaanguka. Visa vilivyoonekana kila kimoja kivyake vilikuwa vipande vya njama moja. Aliyeacha episodi ya kwanza, au hata ya tatu, hakuyajua hayo.

Msomaji wa riwaya za upelelezi:
Basi hata kanuni ya episodi 3 haikusaidii, ungehitaji 19 kati ya 24 za msimu wa kwanza. Hakuna mtu wa kawaida anayeweza kuipa kila anime mpya muda huo. Ndiyo maana nasisitiza kisa cha kwanza kisimame chenyewe.

Mfamasia:
Na kinasimama. Lile onyo lilifungwa kwenye tawi la rododendroni, mmea wenye sumu kwenye majani na hata kwenye nekta. Rudia episodi ya kwanza, isimamishe pale dirishani, uangalie tawi lenyewe.

Msomaji wa riwaya za upelelezi:
Tawi nililiona nikadhani ni pambo. Naitazama tena leo, lakini kwa Lihua bado hujanijibu.